Milio Kumi na Miwili

Anselmo, umeniuliza mara tatu kwa simu
na mara tatu nimekujibu habari za mvua ya hapa Porto.
Sasa nakuandikia, maana kalamu haina haya
na Alhamisi yako inakuja.

Kwanza utavua suruali. Ndiyo, na ile ya ndani.
Watakupa gauni lililo wazi nyuma kama duka lisilo na mlango.
Soksi utabaki nazo. Zangu zilikuwa na tundu kidoleni,
na hilo ndilo nililoliwaza korido nzima,
wala si saratani.

Utalala chali, miguu juu ya vishikizo,
wewe uliyeendesha tramu ya mtoni miaka thelathini
bila kugeuka kumtazama abiria.
Abiria sasa ni wewe. Dereva ni binti mdogo,
Daktari Quitéria. Mikono yake ina joto. Shukuru.

Kijiti cha picha hupitia nyuma, kimepakwa mafuta ya baridi.
Hapo sina maneno mazuri. Pumua.
Si maumivu, ni heshima kukutoka kwa dakika moja,
na dakika ina sekunde sitini, nilizihesabu.

Kisha sindano ya ganzi, pale msambani,
pasipoonwa na jua tangu ubatizo wako.
Hiyo inauma. Wengine watakwambia ni kama nyuki;
mimi nasema ni kahawa ya moto iliyokumwagikia
mahali usipoweza kupapangusa mbele za watu.
Inawaka, inawaka, inazima,
na ngozi yako inakuwa ya jirani.

"Sikiliza," akasema daktari, "mlio wenyewe ni huu."
Akakifyatua kile kidude hewani: tak.
Anselmo, nilicheka. Nesi Graciete akadhani nalia.
Ilikuwa sauti ya koleo langu la kutobolea tiketi,
lile la nikeli, lililoniachia sugu kiganjani.
Tak, kwenda tu. Tak, kwenda na kurudi.

Nimetoboa tiketi za watu maisha yangu yote
bila kuwauliza wanakwenda kwa nani.
Sasa natobolewa mimi, mara kumi na mbili,
na kila kinyama, chembamba kama utambi,
kinaingia kichupani chenye jina langu.
Unasikia kubishwa hodi kwa ndani, basi.
Ila wa tisa uliuma. Nikasema. Akasimama, akaongeza ganzi.
Sema nawe. Najua wewe ni mtu wa kumeza.
Siku hiyo usimeze.

Graciete akaniuliza vituo vyetu, nisihesabu.
Nikamtajia kimoja kimoja, toka sokoni,
na tulipofika kona ya kiwanda cha dagaa,
pale ulipokuwa ukipunguza mwendo ili umwone Deolinda
(nilijua, Anselmo; na nikamwoa mimi; yameisha)
daktari akasema, "Tumemaliza."

Baadaye mkojo utakuwa rangi ya divai,
kisha ya chai, kisha ya mkojo. Kunywa maji.
Shahawa zitakuwa na rangi ya kutu kwa wiki kadhaa,
kama bado uko kazini upande huo.
Homa ikikupanda, au mkojo ukigoma,
usingoje kuche: pigia hospitali, kisha mimi,
wala usianze na mimi.

Lile wasilolisema ni kungoja majibu.
Wiki mbili hizo hazina ganzi.
Nilipiga pasi hata vitambaa vya vyombo.
Deolinda alikaa dirishani, akihesabu tramu kwa sauti
ili nyumba isinyamaze.

Na majibu yangu? Hayo hayaandikwi.
Alhamisi nitakuwa benchini, mwisho wa korido, na kofia yangu.
Ukitoka nitakupigia kengele mbili kwa ulimi,
kama zamani: milango imefungwa, twende.
Njiani nitakwambia.

Kagua soksi.